Ardhi Ngumu ya Itumbiko

Reli ya sumaku ilipofika Manyoni, Felisia Njoghomi alikabidhiwa kazi ambayo wenzake walikuwa wameikwepa mmoja baada ya mwingine: kuchagua mahali pa kujenga stesheni ya Itumbiko.

Haikuwa kazi ya kamati. Zamani kamati ndizo zilizoamua, na kila mtaa ulipobomolewa kimakosa ilikutwa kwamba walioweka sahihi ni watu kumi na watano na hakuna hata mmoja mwenye kosa. Nchi ikachoka, ikatunga sheria nyingine. Kompyuta zingepima na kukokotoa, wataalamu wangeshauri, lakini mwisho angesimama mtu mmoja mbele ya kamera na kusema kwa kinywa chake, "Nimechagua mimi." Mtu huyo aliitwa mwamuzi wa ardhi. Felisia, mhandisi kwa elimu, alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake, kwenye machimbo, barabara na mitambo ya upepo, na alisifiwa kwa jambo moja: hakuwa na upendeleo. Aliipenda sifa hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mkurugenzi wa mradi, Bwana Rwechungura, aliwasha meza yake na nchi ya kati ikainuka juu ya kioo, na vilima vyake na mabonde yake.

"Treni hii haipindi kona kama gari," alisema. "Ikisimama inataka njia iliyonyooka, tambarare, yenye ardhi ngumu chini, maana ikifunga breki uzito wote unashuka kwenye nguzo. Tazama hapa. Kaskazini ni majabali matupu. Kusini ni mbuga. Mvua ikinyesha udongo ule mweusi unavimba, ukikauka unapasuka. Hakuna nguzo itakayodumu. Ardhi ngumu imebaki mkanda mwembamba huu tu."

"Na mkanda wenyewe una watu."

"Magharibi kuna kijiji cha Itumbiko. Mashariki kuna..."

"Bustani ya Sauti," Felisia alimalizia. "Mama yangu yuko pale."

Rwechungura aliinua macho. "Amezikwa pale?"

"Miaka minne sasa. Sheria inataka niseme kama nina ndugu kwenye eneo, ndiyo maana nasema."

"Sheria inasema ndugu anayeishi kwenye eneo, Mhandisi. Walioiandika hawakutaka kuingia kwenye ule ubishi kama waliozikwa pale wanaishi au hawaishi. Waliuruka." Alijikuna kidevu. "Ukitaka kujitoa nitakuelewa. Lakini mwamuzi anayefuata ni Masele, naye ameshasema wazi kwamba watu wanahamishika, sauti hazihamishiki. Atakichukua kijiji kabla hajashuka kwenye gari."

Felisia aliomba muda wa kufikiri. Alipofika chini ya ngazi alikuwa ameshaamua kubaki.

*

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Bi Zamda Kiula, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye kusema polepole kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Hakumwekea mgeni kiti. Alimwambia watembee.

Watu wa Itumbiko hawakuwa wenyeji wa Itumbiko. Walikuwa watu wa bondeni, umbali wa nusu siku kwa gari, mpaka bwawa la umeme lilipofunika mashamba yao. Serikali ikawaleta kwa malori juu ya ardhi hii kavu, ikawapa mabati, mbegu za alizeti na ahadi kwamba hawatahamishwa tena.

"Mwaka wa kwanza alizeti haikuota," Bi Zamda alisema. Walikuwa wamesimama mbele ya tangi la maji la saruji, refu kuliko nyumba. "Hili tulilijenga kwa mikono. Wanawake walibeba kokoto kutoka kule kwenye majabali. Mume wangu hakuweza kuzoea. Alikuwa anakaa tu pale kibarazani anatazama upande wa bonde. Ukimwita kula, anakuja. Ukimwambia alale, analala. Mwishowe alifariki, lakini mimi nasema alikuwa ameshaondoka siku ile ya malori."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa." Aligeuka akamtazama Felisia. "Mama yako yuko ng'ambo pale, siyo?"

Felisia alishtuka. "Nani amekuambia?"

"Mdogo wako Laurenti. Kila Jumapili akienda kumsalimia anapitia kwetu kununua alizeti. Sikulaumu, Mhandisi. Kama ningekuwa na mama wa kuzungumza naye, hata mimi nisingekubali mtu amguse. Lakini wafu wenu mnaongea nao. Wetu wako chini ya maji, na hakuna aliyekuja kutuuliza kama walikuwa na la kusema."

Watoto wa shule walipita na sare zao za bluu, wakamwamkia mwenyekiti na mgeni wake kwa pamoja. Bi Zamda aliitikia, kisha akamsindikiza mgeni mpaka kwenye gari.

*

Bustani ya Sauti haikuwa na misalaba wala majengo. Ilikuwa uwanda wa nyasi fupi wenye mawe yaliyochongwa ndani yakawa wazi, kila jiwe likimfika mtu kiunoni.

Mtu aliyejua kwamba siku zake zinakwisha alivaa kidani chembamba shingoni, nacho kikajifunza namna yake: maneno anayoyapenda, mahali anapovuta pumzi, anachocheka na anachonyamazia. Alipozikwa, juu ya kifua chake ilipandwa kuvu iliyofundishwa yale yote. Baada ya masika moja nyuzi za kuvu zilienea ardhini, nyembamba kuliko nywele, zikapanda ndani ya jiwe. Ndugu akiweka kiganja, joto la mkono liliziamsha. Jambo la zamani zililijua mara moja. Jambo jipya lilihitaji kurudiwa siku nyingi ndipo lishike. Na hazikuhamishika. Waliojaribu kuzing'oa na udongo wake waliambulia udongo tu.

Kama nyuzi zile zilihisi chochote, hakuna mtaalamu aliyethubutu kusema ndiyo, wala aliyethubutu kusema hapana.

Felisia aliweka kiganja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti ilitoka jiweni ikiwa na mkwaruzo uleule wa mwanamke aliyekaa miaka mingi karibu na mashine ya kukamua mafuta, akizoea kupaza sauti ili asikike. "Ni Feli huyo. Mkono wa baridi hivyo, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Uongo. Haya. Na yule fundi bado anamwibia Laurenti mafuta?"

"Alishafukuzwa, mama. Siku nyingi."

"Afadhali. Nilimwambia Laurenti, mtu anayekuja kazini na chupa tupu ana lake jambo."

Felisia alicheka. "Mama, nina kazi ngumu."

"Tangu uanze kazi hujawahi kuniambia una kazi rahisi."

"Safari hii wote wana haki. Na atakayepata ni mmoja."

"Basi mwingine atakuchukia. Huwezi kulikwepa hilo. Nenda kamwambie wewe mwenyewe, umtazame usoni. Usitume mtu."

Huo ndio ulikuwa wakati wake. Felisia alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, mafupi tu: mama, huenda ikawa ni wewe. Akayaangalia yanavyokaa ulimini, akaona hawezi kuyasikia yakisemwa kwa sauti yake.

"Nitakuja tena, mama," alisema, akaondoa mkono.

Laurenti alikuwa anamngoja getini, mfuko wa alizeti ukiwa miguuni pake. Alikuwa na uso wa mama yao, na hilo halikusaidia.

"Umemwambia?"

"Sijaamua bado, nimwambie nini?"

"Mwambie hivyo. Kwamba hujaamua."

"Laurenti, kule kuna watoto. Kuna watu waliokwishafukuzwa mara moja. Mama alishafariki. Tulimzika wote wawili."

"Najua alifariki, dada. Alipougua nilimwosha mguu wenye kidonda mimi, wewe ulikuwa kwenye machimbo yako." Alisema bila hasira, na hilo lilimuuma zaidi. "Sikuombi ukichukue kijiji. Mimi nawajua wale watu, nafanya nao biashara. Nakuomba uje umwambie. Kama ni jiwe tu, unaogopa nini?"

Felisia alipita, akaingia garini.

*

Wiki moja kabla ya siku ya kutangaza, Rwechungura alimwita tena. Safari hii alifunga mlango.

"Kompyuta imetoa njia ya tatu," alisema, akaiwasha meza. "Kijiji kinabaki. Tukipunguza njia za maegesho ya treni na kuzika nyaya kubwa za umeme kwenye handaki, stesheni inakaa kwenye nusu ya juu ya bustani peke yake. Kuna mwamba unaokata katikati. Nyuzi za upande wa chini hazijauvuka. Zitapona."

Felisia aliitazama ramani muda mrefu. "Mama yangu yuko upande wa chini."

"Ninajua."

"Unajua watakavyosema. Kwamba nimezima wafu wa wenzangu nikabakiza wa kwangu."

"Watasema, ndiyo. Magazeti yatasema mwezi mmoja. Lakini upande wa chini hayuko mama yako peke yake, Mhandisi. Ni nusu ya bustani. Na kazi yenyewe inawezekana, gharama inaongezeka kidogo tu."

Felisia alijaribu kuifikiria nusu ile ya bustani. Badala yake alijiona mwenyewe mbele ya kamera akisema "Nimechagua mimi," na watu wakitazamana. Aliziona nyuso za waamuzi wenzake. Alimwona Masele akitabasamu.

"Handaki litaleta matatizo ya maji ya mbuga," alisema.

"Wahandisi wa maji wamepitisha."

"Hata hivyo. Chukua bustani yote."

Rwechungura aliizima meza, vilima vikalala. "Sawa," alisema. "Sahihi ni yako."

*

Siku ya kutangaza ilipofika, Felisia alisimama mbele ya kamera akasema maneno yanayotakiwa, kwa sauti isiyotetemeka. Mwandishi mmoja aliuliza kama ni kweli mama yake mwenyewe yumo bustanini. Alijibu kwamba ni kweli. Mtu wa nyuma akaanza kupiga makofi.

Sifa zilimiminika. Itumbiko walichinja ng'ombe. Vyuo vilimwita aeleze jinsi mtumishi wa umma anavyoweka kando moyo wake. Alikwenda Iringa, akaenda Kigali, akaenda Kampala. Kila mahali alipokelewa na watu waliosimama, na kila mahali alisema kwamba alifanya tu kile ambacho ardhi ilikubali.

Wenye ndugu bustanini walipewa mwezi mzima wa kuaga. Waliweka mahema getini. Wapo walioleta watoto waliozaliwa baada ya msiba, wapo waliokuja na chakula wakala kando ya mawe. Felisia alikuwa anapanga kwenda. Aliipanga safari hiyo kila wiki, na kila wiki ulitokea mwaliko mwingine ambao aliona si heshima kuukataa. Alijiambia kwamba jambo jipya halishiki upesi kwenye nyuzi, kwamba hata akienda mama hatalielewa, kwamba kumwambia ni kumtesa bure. Yote yalikuwa maneno ya maana. Aliyapanga vizuri kama alivyopanga hotuba zake.

Asubuhi waliyopitisha umeme ardhini kuziua nyuzi, yeye alikuwa hotelini Kampala. Aliona kwenye skrini geti likifungwa na mtu wa zamu akishusha mkono wa swichi. Hakuna kilichoonekana kubadilika. Nyasi zilikuwa zilezile. Aliendelea kushika kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Taarifa za mradi ziliwekwa wazi kwa umma, kama sheria inavyotaka, na njia ya tatu ilikuwemo. Watu wachache waliisoma. Mmoja wao alikuja ofisini kwake, mwanamume mwenye koti la mvua, ambaye mkewe alikuwa amezikwa upande wa chini, jirani kabisa na mama yake Felisia. Hakupiga kelele. Alikaa, akaikunja kofia yake.

"Nimesoma kwamba wangeweza kupona," alisema. "Nimekuja kuuliza tu. Mke wangu alikukosea nini?"

Felisia alianza kumweleza habari za handaki na maji ya mbuga. Yule mtu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaondoka. Tangu siku hiyo Felisia hakukubali mwaliko tena, lakini hapakuwa na mtu wa kumpelekea habari hiyo. Laurenti alikuwa ameacha kupokea simu zake.

*

Stesheni ilifunguliwa. Miaka ikapita kabla Felisia hajashuka pale, na aliposhuka, aliyemtambua kwanza alikuwa Bi Zamda. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na alikuwa na mizigo, akingoja treni ya kwenda Tabora kwa binti yake.

Kijiji hakikuwepo tena. Watu wa hoteli na maghala walikuwa wamekuja na bei nzuri, na nyumba moja baada ya nyingine ilikuwa imeuzwa. Tangi la saruji lilikuwa limebomolewa kupisha maegesho.

"Kwa hiyo nilifanya bure," Felisia alisema.

Bi Zamda alimkazia macho. "Bure? Niliuza mwenyewe. Walikuja mara ya kwanza nikawaambia hapana, wakarudi nikawaambia hapana, nikauza mwaka niliotaka mimi. Safari hii hakuna aliyenipandisha kwenye lori. Usiniambie ni bure." Kisha sauti yake ikalainika. "Kama kuna kingine kinachokusumbua, hicho usinitwishe mimi. Mdogo wako yupo kiwandani leo. Nimemwona asubuhi."

Treni yake iliingia. Felisia alimsaidia mizigo, wakaagana.

Laurenti alikuwa kwenye kiwanda kidogo cha mafuta alichoachiwa na mama yao, ameinama juu ya mashine ya kukamua, mikono imeloa mpaka kwenye viwiko. Alimwona dada yake mlangoni, akasema, "Karibu," kama anavyomkaribisha mteja.

"Sikai sana," Felisia alisema. "Nataka kukuuliza jambo moja. Mama ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Laurenti alichukua kitambaa akajifuta kidole kimoja kimoja. "Mwanzoni hakushika. Nilikuwa narudi kila siku namwambia upya. Kila siku analisikia kama mara ya kwanza. Halafu siku moja akashika. Akanyamaza mpaka nikadhani jiwe limeharibika. Akauliza, 'Feli ndiye aliyechagua?' Nikamwambia ndiye. Akasema, 'Basi mwambie asije. Akija atalia, na akilia mbele za watu hatajisamehe.'"

Felisia alishika ukingo wa mashine. "Kwa hiyo hakutaka nije."

"Hujasikia mpaka mwisho." Laurenti aliendelea kutazama kitambaa. "Kesho yake nilipoweka mkono tu, kabla hata sijamwamkia, akauliza, 'Feli amekuja?' Nikasema bado. Siku iliyofuata tena. Na iliyofuata. Siku zote zilizobaki lilikuwa ndilo neno lake la kwanza, mpaka asubuhi ile walipofunga geti."

"Mbona hukuniita?" Sauti yake ilitoka ndogo. "Laurenti, ungenipigia simu hata mara moja."

"Ningekuita ungekuja. Ungepanda gari siku hiyohiyo, nakujua." Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza hayakuwa makavu. "Nilitaka uje bila kuitwa."

Yale maneno ya maana ambayo Felisia aliyapanga wakati wa safari zake yalikuwa bado yapo, yote kwa mpangilio wake, na hakulipata hata moja la kumwambia mtu huyu. Laurenti alivuta kigoda kwa mguu, akakisogeza upande wa dada yake, kisha akarudi kwenye mashine na kuiwasha.

Felisia alikaa. Mafuta yalianza kudondoka kwenye ndoo, na Laurenti hakumwambia aondoke.